Kabla ya Kumwita Ngariba

Habari hii nimeiweka kifuani kwa miaka mingi, na aliyenilazimisha kuitoa leo ni mjukuu wangu. Wengi wetu tunapokusudia kuwatahiri watoto wetu wanaume huulizana mambo matatu: ni siku gani, nani atakayewatahiri, na mbuzi wangapi watakaochinjwa. Mimi nami niliuliza hayo hayo. Swali la nne, lililokuwa kubwa kuliko yote, halikunipitikia.

Mwezi wa Desemba mwaka 1996, shule zilipofungwa, nilimtahiri mwanangu wa kwanza nyumbani kwetu Pangani, pamoja na watoto wawili wa ndugu yangu. Alikuwa na umri wa miaka saba. Ngariba alikuwa mzee mwenye mkono mwepesi, ndiye aliyenitahiri hata mimi, wala simlaumu kwa lolote. Kulipokucha, wale wawili walikuwa wamekwisha kauka damu na wanataka uji. Wangu alikuwa angali akitoka. Si damu ya kuruka; ilikuwa ikichuruzika tu, tone baada ya tone, kama maji ya mtungi wenye ufa. Tukafunga kitambaa, tukakibadili, tukafunga kingine. Watu wazima waliokuwapo wakaniambia nisifanye haraka, itakatika yenyewe. Nikangoja hata adhuhuri ya siku ya pili, midomo ya mtoto imekuwa myeupe na kichwa hawezi kukiinua, ndipo tulipompakia garini kumkimbiza Tanga. Kungoja kule ni kosa langu mimi baba yake. Aliongezewa damu, na Mwenyezi Mungu akamjaalia uhai.

Usiku wa tatu, tukiwa barazani pa hospitali, mkwe wangu, mama yake mke wangu, aliniita pembeni. Akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, niwie radhi. Mjomba wake alikufa hivi hivi, jandoni. Nikaambiwa ni jicho la watu, nikaamrishwa ninyamaze."

Nilikuwa nimeoa katika nyumba ile kwa miaka kumi. Nilijua kuwa mke wangu alikuwa na kaka aliyefariki utotoni, na kila mwaka nikimwombea katika khitima. Lakini sikupata hata siku moja kuuliza alifariki kwa nini.

Baadaye tulimpeleka mtoto Dar es Salaam, kipimo kikaonesha kuwa ana ugonjwa uitwao hemofilia. Maana yake ni kwamba katika damu yake kimepungua kitu kimoja miongoni mwa vitu vinavyoifanya igande. Ugonjwa huu aghlabu hupita kwa mama bila ya yeye mwenyewe kuumwa. Mama mwenye kuubeba, kila mtoto wa kiume amzaaye huwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, na kila binti nusu kwa nusu ya kuubeba naye. Kwa hiyo ukitaka kujua habari za mwanao, usiishie kuwauliza baba zake wadogo. Waulize wajomba zake, na uulize habari za watoto wa mama zake wadogo na wakubwa. Aina yake iliyo mashuhuri zaidi humpata mtoto mmoja katika kila wavulana 5,000 hivi wanaozaliwa, na katika thuluthi moja hivi ya nyumba zenye ugonjwa huu hakuna aliyeumwa kabla. Basi kuuliza hakutoshi daima. Mtoto anayefanya mavilio makubwa anapoanza kutambaa, au aliyetoka damu kwa muda mrefu kitovu kilipoanguka au alipochanjwa, apimwe kwanza damu yake.

Wala jambo hili si uzushi wa wageni. Tabibu wa Kiislamu wa Andalusi, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, ndiye aliyeeleza namna ya kutahiri kwa mkasi; na ndiye huyo huyo aliyeandika habari za watu wa kijiji kimoja ambao wanaume wao wakijeruhiwa damu haikatiki mpaka wafe. Mambo haya mawili yamo katika kitabu chake kimoja, nasi tumelichukua la kwanza tukaliacha la pili.

Wako watakaosema kuwa kuchelewesha ni kuidharau sunna. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, khitani ya mwanamume ni wajibu, lakini wajibu wenyewe humthubutikia anapobaleghe. Kabla ya hapo ni jambo lipendezalo kwa mlezi kumfanyia mtoto, na siku ya saba imependelewa; ila mtoto dhaifu anayekhofiwa kudhurika, Imamu Nawawi asema huakhirishwa. Mwenyezi Mungu ametupa wasaa. Sisi ndio tunaojibana kwa sababu wapishi wamekwisha agizwa.

Ama yale mengine nitayataja kwa ufupi. Mtoto akaguliwe na daktari kabla ya siku yenyewe. Wako wanaozaliwa tundu la mkojo haliko nchani bali chini, na govi ndilo daktari alitumialo kulirekebisha. Likikatwa, umemnyima mwanao kitambaa cha kiraka chake. Chanjo za utotoni, ambamo imo ya pepopunda, ziwe zimekamilika. Kila mtoto awe na chombo chake kilichotakaswa, wala jivu au dawa ya majani isitiwe kwenye kidonda. Na mtoto mwenye akili asidanganywe. Mimi niliambiwa nakwenda kununuliwa halua, na mpaka hivi leo, nami ni mzee, nikipita mbele ya duka la halua huikumbuka hila ile.

Narejea kwa mjukuu wangu. Binti yangu aliolewa Unguja mwaka 2020, akajaaliwa mtoto wa kiume mwaka 2022. Mwaka 2024 wakwe zake wakaleta habari kuwa mwezi wa Mfungo Sita watatahiri watoto wanne wa ukoo kwa pamoja, na wetu yumo. Mke wangu aliposikia alikaa kitako akanyamaza. Nilijua anakhofu nini: kwamba binti yake ataambiwa ameingiza damu mbovu katika nyumba ya watu, na wadogo zake hawataposwa. Khofu hiyo ndiyo iliyomnyamazisha mama yake, nami nakiri kuwa usiku mzima niliipima na kuiona nzito.

Alfajiri nilikwenda bandarini. Nilipofika nikamwita mkwe mwenzangu faragha, nikamsimulia yote, tangu mjomba aliyekufa mpaka ule usiku wa barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Bwana, mbona tuliposa kwako hukutwambia?" Sikuwa na jibu, nikamwomba radhi. Mkewe aliyekuwa nyuma ya pazia (sikujua kuwa anasikia) akasema mtoto apelekwe akapimwe, na maneno mengine yatazungumzwa baadaye.

Alipimwa, akaonekana anao. Madaktari wamesema anaweza kutahiriwa, lakini ndani ya hospitali, kwa dawa ya kugandisha damu kabla na siku kadhaa baada yake, na wametutaka tungoje mpaka dawa ya kutosha ipatikane. Bado tunangoja.

Siku ya sherehe ilipofika watatu walitahiriwa. Nilipoingia niliwakuta wote wanne wamekaa juu ya mkeka mmoja, na wangu amevishwa kanzu na kofia iliyodariziwa sawasawa na ya wenzake, mbele yake sahani yake ya halua. Bibi yake, mzaa baba, ndiye aliyeshona zote nne.