Matope ya Yungiyungi

Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda, shangazi amenitumia picha ya yungiyungi si chini ya mara tano. Maneno ni yale yale: ua huota matopeni na bado ni safi. Nia yake njema, Mungu ambariki. Lakini mie nakaa Kisauni, karibu na ziwa lenye maua hayo, na najua matope si mkosi wa yungiyungi. Ndiyo jikoni kwake.

Ziwa lenyewe ni dimbwi la mvua tu nyuma ya nyumba za kupanga. Sisi huku dimbwi kama hilo ni ziwa. Si kuna mtaa mzima unaitwa Ziwa la Ng'ombe? Masika yakishika, majani ya duara hutanda juu ya maji na maua ya buluu huchomoza. Hufunguka asubuhi, na alasiri yashafunga. Anayeamka saa sita anaona nusu ya mambo.

Na si malaika, hili ua. Siku ya kwanza katikati yake huwa kikombe cha majimaji. Mdudu aliyetoka ua jingine akiteleza humo, chavua aliyobeba huoshwa ikabaki. Wengine hufa maji. Siku zinazofuata ndipo ua hutoa chavua yake, kisha kikonyo hulivuta chini, mbegu zikomae majini. Hilo haliandikwi kwenye picha za shangazi.

Ndugu zake weupe wa Ulaya hulala chini ya ziwa barafu ikitanda juu. Barafu yetu ni kiangazi. Januari na Februari ziwa hukauka, watoto hucheza mpira juu yake, na shina nene kama kiazi linasubiri ndani ya tope. Masika yakirudi, linachipua.

Mwaka huu kabla ya mvua yalikuja malori ya kifusi. Nusu ya ziwa sasa ni ploti, vigingi tayari. Nilimuuliza mzee aliyekuwa akisimamia, "Ami, maji yataenda wapi?" Akacheka. "Mwanangu, haya ni matope tu."

Maji yalikuja kwetu. Usiku wa mvua ya kwanza kubwa yalipita chini ya mlango, yakalowesha godoro na daftari zangu zote. Kiazi cha yungiyungi huvumilia ukame, lakini chipukizi halipenyi kifusi kinachonifika kiunoni.

Jirani yangu muuza mahamri alichimba viazi viwili upande uliobaki, akavitia kwenye karai bovu pamoja na ndoo nzima ya tope lao. Jani moja limeshatoka, dogo kama sarafu ya shilingi kumi. Wanawe wamekatazwa kumwaga maji ya sabuni humo.