Ndoa Zisizo na Ng'ombe

Kwetu Usukumani ndoa ilifungwa kwa ng'ombe, na ikivunjika, ilivunjwa kwa ng'ombe hao hao. Wazee wanakaa, wanahesabu waliotolewa, wanatazama watoto waliozaliwa, wanaamua wangapi warudi. Unaweza usiupende utaratibu huo, lakini ulikuwa na mwisho unaoeleweka.

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita haikuwa hivyo. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, kote nilikopita nikipika kama mama ntilie, watu walioana kwa kuhamisha begi tu. Mshenga hakuwepo, kwa hiyo siku ya kuachana hapakuwa na wa kuitwa. Ikisikika kuna rashi, yaani dhahabu mpya imeonekana mahali, mwanamume anaamka alfajiri na sururu yake, ndiyo talaka hiyo. Au wanapigana, sufuria zinaruka, kesho wamelala chumba kimoja.

Namna nyingine ya kuachana niliisikia kwanza kwenye wimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia mwimbaji Lady Jaydee. Geita bado ilikuwa wilaya ya Mwanza, mgodi mkubwa ndio umeanza kuzalisha, na sisi wa maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, tulisikiliza Radio Free Africa kwa betri zilizoanikwa juani zipate nguvu. Katikati ya bongo fleva za kuchangamka ikapita sauti ya mwanamke, taratibu, katika wimbo wa Machozi. Nilipoambiwa anaitwa Judith Wambura na amezaliwa Shinyanga, nikatafuta kanda siku hiyo hiyo. (Wambura ni jina la watu wa Mara, najua. Aliyezaliwa kwetu ni wa kwetu.)

Huzuni tulikuwa nayo tele hata kabla yake. Ila mipasho ya taarabu ilitaka ummalize mtu, na rumba la Kongo lilibembeleza arudi. Huyu aliumia bila kupiga kelele, na hilo sikuwahi kulisikia. Aliporudi na wimbo wa Ndi Ndi Ndi mwaka 2016, ndoa yake mwenyewe ikiwa imeshavunjika, sauti ilikuwa imekomaa na haimwombi mtu kitu. Kwa umri wangu wa sasa naupenda zaidi huo. Lakini ulionifaa ni ule wa kwanza.

Maana ndio ulionionyesha kwamba mtu anaweza kuondoka bila kelele. Jioni moja mwenzangu, mwanamume niliyeishi naye, alitoka mwaloni wanakooshea mawe ya dhahabu, tope limekauka hadi magotini. Nilimpakulia kwanza, akala. Alipokwisha kunawa nikamwambia:

"Baba, mimi nawe tumefika. Kesho naenda Kahama."

"Nani kakutukana, mama?"

"Hakuna aliyenitukana."

"Sasa unaondokaje bila ugomvi?"

Hilo lilimshangaza kuliko kuondoka kwenyewe. Tulikaa hadi usiku tukigawana, bila mzee yeyote: masufuria na karai yangu, turubai na mashuka yake. Chakula walichokula vijana wa duara lake kwa mkopo aliahidi kukilipa siku ya mgawo wa mawe, na kweli, nikiwa Kahama, nikaletewa thamani ya viroba vyangu vya mawe. Kanda nilichukua. Redio nilimwachia, alinunua yeye.