Chatu Hataki Kubembelezwa

Kwetu Tanga nyoka hashtakiwi. Akionekana, inatafutwa fimbo, na mjadala wa kama alikuwa na sumu au hana hufanyika akiwa ameshapondwa kichwa. Nimekulia katika sheria hiyo na sikuwahi kuitilia shaka, mpaka binti yangu, mtoto wa kuzaliwa hapa Ohio, Marekani, aliposema anataka kufuga chatu. Si paka, wala si samaki wa kwenye kioo. Chatu.

Mama yangu alipopata habari kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani huko kuku hakuna?"

Anayezungumzwa hapa si chatu wa kwetu anayemeza mbuzi. Ni jamaa yake mdogo, Python regius kwa jina la kitaalamu, anayepatikana kuanzia Senegal hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Akishakua hufikia mita moja hadi moja na nusu hivi, jike akimzidi dume. Hana sumu. Akiogopa hujiviringa akawa donge na kukificha kichwa katikati. Huko kwao mchana hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu, usiku ndiyo hutoka kuwinda, na mdomo wake wa juu una vijishimo vinavyohisi joto, kwa hiyo giza halimsumbui.

Wengi waliofika Marekani na Ulaya wametokea Benin, Togo na Ghana. Wasakaji huchimbua majike wenye mimba au mayai yenyewe, vitoto vikianguliwa vinasafirishwa kwa maelfu. Na hapohapo Benin, katika mji wa Ouidah, kuna hekalu la chatu hawahawa, limetazamana na kanisa kuu la Kikatoliki. Huachiwa usiku wakajitafutie chakula, na jirani akimkuta mmoja ndani kwake humbeba kwa heshima na kumrudisha. Nyoka yuleyule, Ouidah ana hekalu, uwanja wa ndege ana bei, kwetu ana fimbo. Sijui mnyama mwingine ambaye hatima yake inategemea kiasi hicho mlango anapokutwa.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza lilikuwa kujua nyoka amezaliwa wapi. Aliyetolewa porini mara nyingi huja na kupe na minyoo, tena hofu humfanya agome kula. Aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji ameshazoea, na siku hizi wafugaji ni wengi na rangi ni za kila namna. Hapo napo pana la kutazama. Kuna aina wanayoiita buibui, yenye michoro ya kupendeza kweli, lakini michoro hiyo inarithiwa pamoja na kasoro ya neva inayomfanya nyoka kutikisa kichwa na kupoteza mwelekeo. Binti yangu aliikataa bila kushauriwa. Nilimwona mkubwa siku hiyo.

Nyumba ilitangulia kabla ya mgeni, na gharama yake ilimpita mgeni mwenyewe. Upande mmoja wa kizimba unatakiwa uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, na kifaa cha kupasha joto lazima kiwe na themostati, la sivyo kitamuunguza. Maficho yawe mawili, moja kila upande, maana likiwa moja atachagua usalama na kuacha joto analolihitaji ili kuyeyusha chakula. Unyevu wa hewa uwe asilimia 60 hivi. Cha kutandika chini tuliuziwa makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, kwa dola. Makumbi! Mama hilo sijamwambia.

Mke wangu hakuwa na ugomvi na nyoka. Ugomvi wake ulikuwa friza. Panya wa kumlisha huuzwa wakiwa wamegandishwa, wakayeyushwa, wakapashwa moto kwenye maji, kisha nyoka akapewa kwa koleo refu. Ni salama kuliko panya hai, ambaye akiachwa humo anaweza kumng'ata nyoka vibaya. Tulinunua friza nyingine ndogo, amani ikarejea.

Kisha nyoka akaja, na tukaambiwa tumwache, wiki nzima bila kumgusa. Na hata baada ya hapo, akishakula aachwe siku mbili, maana akishikwashikwa huweza kutapika. Mimi kila nikipita nilitaka kuinua maficho nione kama anapumua. "Baba, mwache," binti yangu ananiambia, kwa sauti ileile anayoitumia nikigonga mlango wa chumba chake kumuuliza kama amekula.

Hilo la kula ndilo lililonifundisha zaidi. Kwetu mgeni asiyekula ametukana nyumba, na mtoto asiyekula ni mgonjwa. Chatu huyu akishakua anaweza kukaa miezi bila kutia kitu mdomoni, hasa msimu wa baridi, na akawa mzima kabisa. Kazi yako ni kukagua joto, kumpima kwenye mizani, na kama uzito haushuki sana, kungoja. Hakuna kumbembeleza. Hakujui kama baba wala mama. Anachokijua ni kama pana joto, maji na giza la kujificha. Nikajikuta najiuliza ni mara ngapi nimemlazimisha binti yangu kuzungumza, wakati alichohitaji ni nyumba iliyotulia na mlango usiogongwa. Tangu hapo nagonga kidogo. Yeye ndiye anayekuja jikoni, kwa saa anazozijua mwenyewe, na akija anasema mengi.

Kuna wakati macho ya nyoka hugeuka ya buluu yenye ukungu. Anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, hujificha, hataki chakula wala mikono. Unyevu ukitosha gamba hutoka zima, mpaka vile vifuniko vya macho. Hewa ikiwa kavu hutoka vipandevipande na vingine vikang'ang'ania mwilini. Chama cha CCM kule Tanzania kilipotangaza kujivua gamba mwaka 2011, nadhani hakuna aliyeuliza habari za unyevu.

Linalonikosesha usingizi ni umri wa nyoka. Akitunzwa huishi miaka 20 hadi 30, na wengine hupita hapo: katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, jike aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020, bila kukaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Binti yangu ataondoka kwenda chuo, na bweni la chuo halipokei chatu. Tumeshakubaliana kwamba nyoka atabaki nami. Na nitamtunza, kwani kumwachia nje hakufai: ama baridi ya Ohio itamuua, au katika jimbo la joto yatakuwa yale ya Florida, ambako chatu wa Burma waliotokana na biashara ya kufuga wamewapunguza sana wanyama wa Everglades.

Ndugu yangu uliyeko Kenya au Tanzania, chatu wa porini analindwa na sheria. Usimchukue ukamfungia ndani kwa kutaka kuiga haya. Nawe uliyeko huku, kabla hujatoa hela, muulize muuzaji nyoka amezaliwa wapi, kisha jiulize nani atamlisha mwaka 2045.