Tulirithi Bunduki, Hatukurithi Hadhari

Marehemu baba yetu, Allah Amrehemu, alituachia nyumba hapa Mwananyamala na bunduki ya upepo aliyokuwa akiwafukuzia kunguru waliotumalizia vifaranga. Mama alipomaliza eda, sisi wanawe wawili tuliazimia kuitengeneza, kwani ilikuwa imedhoofu.

Namna inavyofanya kazi tuliifahamu. Mtutu ukikunjwa, pistoni hurudi nyuma na kuibana springi. Ikifyatuliwa, springi huisukuma pistoni mbele, na hewa iliyobanwa hukitoa kidonge cha risasi. Tukadhani kazi ni ya bisibisi na mafuta tu.

Hapo ndipo tulipokosea. Springi ile hubaki imebanwa hata mtutu usipokunjwa. Mwenye ujuzi huishika kwanza kwenye jiliwa, kisha huilegeza polepole. Sisi tuliichomoa pini tukiwa tumekaa mkekani, na mpwa wetu wa miaka 6 akichungulia begani. Springi iliruka, ikampita karibu na sikio, ikagonga dari. Alhamdulillahi, hakuumia.

Mama alitoka jikoni, wala hakupaza sauti. "Wanangu, baba yenu aliifungia kabatini, na ufunguo alilala nao. Mmerithi bunduki, hamkurithi hadhari yake."

Tulimpelekea vipande vile fundi mzee, rafiki wa marehemu. Alituonyesha washa ya ngozi iliyokauka, mfano wa ile ya pampu ya baiskeli, ndiyo iliyokuwa ikivujisha upepo. Aliibadilisha, akapaka grisi kidogo kwenye springi, akatuonya: mafuta yakizidi mbele ya pistoni, joto la hewa iliyobanwa huyawasha, kama ndani ya injini ya dizeli. Wala isifyatuliwe bila kidonge, kwani pistoni hujigonga ikaharibika.

Bunduki ilipona, lakini haikurudi kabatini. Mwenyewe amekwisha kufariki, na nyumba ina watoto. Tulishauriana na mama, tukaikabidhi kituo cha polisi. Vifaranga sasa tunawafunika kwa tenga.

Mtume (s.a.w.) ametukataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha. Tulidhani katazo hilo linahusu mtutu pekee. Siku ile mtutu ulielekea ukutani, na bado tulikaribia kumzika mtoto wa dada yetu. Enyi wazazi wenzetu, kagueni makabati yenu kabla watoto hawajayakagua.