"Bei Ikishuka, Nunua": Kiambishi -ki- Mbele ya Mashine

Katika sarufi tunasoma kwamba -ki- hubeba sharti (mvua ikinyesha, hatuendi) na pia tendo linaloendelea (nilimkuta akilima). Kwa mdogo wangu, anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo huko Kabambare na kuileta Kasongo, suala hilo lina bei: dola 300 za akiba yake.

Kongo haina soko la hisa, lakini simu inafika hata masoko ya Marekani. Alipata programu inayonunua na kuuza hisa yenyewe. Nyingine, kama MetaTrader, zina lugha yake maalumu ya kuandikia roboti. Hii haidai kuandika msimbo. Unachagua visanduku tu. Alianza na akaunti ya majaribio, yenye pesa za kuigiza. Akachagua: bei, iko chini ya, dola 20, nunua hisa 10.

"Yaya, niliiambia inunue mara moja. Mbona imenunua mpaka pesa imekwisha?"

Nikamwuliza aliiambia nini hasa. "Bei ikishuka chini ya dola 20, nunua."

Hapo ndipo kiini. "Ikishuka" ni tukio: bei inavuka mpaka mara moja. "Iko chini" ni hali: kila mashine inapoangalia, sharti bado ni kweli, nayo inanunua tena. Kijana anayemtuma machimboni angeelewa sentensi hiyo bila shida, kwa kuwa anajua nia ya bosi na pesa iliyo mfukoni. Grice aliita hali hiyo ushirikiano katika mazungumzo. Kisanduku hakishirikiani na mtu.

Wataalamu pia hawakusalimika. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa dakika 45 hivi. Programu yake iliendelea kutuma maagizo bila kutambua kwamba yameshatimizwa.

Kwa hiyo kutojua kuandika programu hakumwondolei mtu kazi ya kusema kwa usahihi. Mdogo wangu sasa anaandika kwanza sentensi zake kwenye daftari: lini inunue, mara ngapi, lini ikome. Dola 300 bado ziko kwenye dhahabu.

Siku programu hizi zitakapotafsiriwa kwa Kiswahili, mtu atalazimika kuchagua kati ya "ikiwa chini ya" na "ikishuka chini ya". Afadhali awe mtu aliyesoma isimu.