Makaburi saba ya Tervuren

Tangu nirudi kutoka Ubelgiji likizo kubwa iliyopita, wengi wenu mliniuliza: “Mama mwalimu, uliona nini kule Ulaya?” Niliwaonyesha picha za Grand-Place ya Brussels, na za Atomium na mipira yake tisa mikubwa ya chuma. Mlifurahi. Lakini kuna picha moja ambayo sikumwonyesha mtu. Leo nataka kuwaeleza habari yake.

Nilikwenda kwa yaya yangu, ambaye anaishi Brussels miaka kumi na tano sasa. Ni yeye aliyelipa tiketi ya ndege. Viza nilinyimwa mara mbili, nikaipata mara ya tatu, kwa hiyo nilisema moyoni: nikifika, nitaona yote ambayo watu wanaona. Yaya alikuwa amepanga kila kitu: Brussels kwanza, kiisha Brugge, kiisha Paris siku moja kwa basi, ili nipigwe picha mbele ya mnara wa Eiffel.

Siku ya posho ya kwanza tulikwenda kununua sombe na samaki kule Matonge, mtaa wa Ixelles ambao Wakongo waliupa jina la kwetu Kinshasa. Karibu na pale kuna uwanja mdogo wenye jina la Lumumba, ambao ulifunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Mzee mmoja Mkongo alikuwa amekaa hapo, akatusalimu, akaniuliza kazi yangu.

“Ninafundisha historia, mzee. Miaka kumi na moja sasa. Nilisoma ISP.”

“Vizuri, binti yangu. Basi umekwisha kuwasalimia wale saba wa Tervuren?”

Sikujua anasema juu ya nani. Miaka kumi na moja mbele ya ubao, na diploma kwenye sanduku, na sikujua. Niliona haya.

Mzee akanieleza polepole. Mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho makubwa. Sehemu ya Kongo iliwekwa Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, walipelekwa huko kwa meli. Walijengewa vijiji ndani ya bustani, kando ya maziwa madogo, na watu zaidi ya milioni moja walikuja kuwatazama wakipika, wakipiga makasia, wakicheza ngoma. Majira yale ya joto yalikuwa ya baridi na mvua. Wakongo saba waliugua, wakafa, wakazikwa kulekule.

Nilimwambia yaya nataka kwenda. Akakasirika.

“Sikukulipia tiketi uje kutazama makaburi. Kwetu makaburi yamekosekana?”

Nilielewa hasira yake. Katika jamaa yetu neno hilo ni gumu. Kaka yetu alitoka nyumbani mwaka 1996, wakati wa vita, akiwa na miaka kumi na sita, na hakurudi tena. Mimi nilikuwa na miaka minane. Miaka yote hii Mama hakukubali tufanye kilio. Alikuwa akisema: “Nitamlilia wapi? Kuna mtu aliyeniletea habari? Kuna mtu aliyeona kaburi?” Kwa hiyo sisi tulijifunza kunyamaza, na yaya alijifunza kushinda wote.

Hata hivyo siku ya Yenga, baada ya misa, alichukua mwavuli wake akanifuata. Ukifika Montgomery, unapanda tramu namba 44. Inapita katikati ya msitu, miti mirefu pande zote mbili, nikakumbuka njia ya Kahuzi. Mwisho wa njia ndio Tervuren.

Tuliingia kwanza katika jumba la makumbusho la Afrika, ambalo lilizaliwa kutokana na maonyesho yale. Humo kuna mtumbwi wa mti mmoja wenye urefu wa meta 22 na nusu. Watoto wetu wangeusimulia mwaka mzima. Lakini kitu kilichonisimamisha ni ukuta mmoja. Umeandikwa majina ya Wabelgiji 1508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Wale saba hawakuandikwa pale. Ndipo msanii wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, akaandika majina yao juu ya vioo vya madirisha yanayoelekea ukuta ule. Jua likiwaka, kivuli cha majina ya Wakongo kinaanguka juu ya majina ya Wabelgiji. Hakuna aliyefutwa, lakini wale saba nao wanasomeka.

Kutoka pale tulitembea kwa miguu mpaka kanisa la Mtakatifu Yohane. Nje, kando ya ukuta, kuna mawe saba yamepangwa mstari mmoja. Hakuna umati wa watalii, hakuna anayeuza kitu. Niliita majina kwa sauti, kama ninavyowaita wanafunzi wangu asubuhi: Ekia. Gemba. Kitukwa. Mpeia. Zao. Samba. Mibange.

Yaya alikuwa nyuma yangu. Baada ya muda akasema: “Nani aliwaambia mama zao?”

Sikuwa na jibu. Alifunga mwavuli, akakaa chini juu ya majani, akatoa simu, akampigia Mama. Wakati ule wa mwaka saa ya Brussels na saa ya Bukavu ni moja, kwa hiyo Mama alikuwa ametoka kula. Yaya akamweleza yote. Mama alisikiliza bila kukata neno, kiisha akauliza: “Majina yao yameandikwa?”

“Ndiyo, Mama. Kila mmoja na jiwe lake.”

“Basi hawakupotea kabisa.”

Paris tulikwenda, na picha ya mnara ninayo. Ni pazuri, siwadanganyi. Lakini juma lililopita Mama aliniita akasema nitafute fundi, aandike jina la kaka yetu juu ya jiwe dogo, kando ya kaburi la nyanya. Hakusema ni kilio. Alisema tu: “Jina lisibaki katika kinywa changu peke yangu, mimi ni mzee.” Yaya ametuma pesa. Jiwe litawekwa siku ya posho hii, asubuhi.

Darasani nimebadilisha somo langu la mwaka 1897. Zamani nilikuwa ninalipita kwa sentensi mbili. Sasa wanafunzi wanaandika majina saba katika madaftari yao, na ninawauliza swali la yaya: nani aliwaambia mama zao?

Wamama, mkiwa na mtoto au ndugu Ubelgiji, mwambieni apande tramu ile siku moja. Kanisani hakuna mtu wa kulipa. Aende na maua kidogo akiweza, na asipoweza, awasalimie kwa majina. Na ninyi ambao katika nyumba yenu kuna jina lisilotajwa, karibuni siku ya posho. Tutakuwa na chai na mikate.