Kupanga Nyumba Nchi ya Baridi

Barua ya uhamisho ilitufikia Pangani mwezi Aprili, mwaka 2002, nasi tuliisoma mara tatu kabla ya kukubali kuwa jina lililoandikwa humo ni Makete. Hatukuwa tumepata kufika mbali kupita Morogoro. Mama yetu, aliyezaliwa na kuzeekea katika mji ule wa mdomoni mwa mto, aliuliza swali moja tu: "Huko utalala wapi?" Tulicheka, tukidhani ni swali la mtu asiyejua kuwa binadamu wote hulala nyumbani. Baadaye tulikuja kukiri kwamba katika maswali yote tuliyoulizwa siku zile, pamoja na yale ya ofisini, hilo peke yake ndilo lililokuwa na maana. Mwalimu anayesoma kurasa hizi huenda naye ana barua kama hiyo sandukuni mwake, au ataipata kesho. Na kijana aliye darasani hajui bado serikali au riziki itamtupa pembe ipi ya nchi. Kwa ajili yao tunaeleza yaliyotufika.

Makete wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Njombe. Ni nchi ya milima, na makao yake makuu, Iwawa, yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake kuna uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi, takriban mita 2,600, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake. Barabara ya kutoka Njombe, ambayo leo ina lami, siku hizo ilikuwa ya udongo, na sisi tuliisafiri tumevaa shati la mikono mifupi. Abiria mwenzetu alitutazama kitambo, akafungua mfuko wake, akatufunika blanketi bila kusema neno.

Tulikuwa karani wa masijala. Mtu wa cheo hicho hapewi nyumba ya serikali, na hata kama angestahili, nyumba zenyewe zilikuwa chache na zina wenyewe. Waama taifa letu limehangaika sana na jambo hili la makazi: Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, majengo makubwa ya kupangisha yalitaifishwa mwaka 1971, na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 2005. Lakini hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa mambo ya mijini. Kule Iwawa hapakuwa na dalali, wala tangazo mlangoni, wala mwenye nyumba adaiye kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nyumba ilitafutwa kwa maneno: dukani, bombani, na nje ya kanisa watu watokapo ibadani. Sisi tulio Waislamu tulisimama nje ya kanisa Jumapili tatu mfululizo tukingoja ibada iishe, hata ikasemekana kuwa karani mpya ni muumini mwenye haya. Na kila usiku tuliolala katika nyumba ya wageni ulipunguza posho yetu ya uhamisho.

Chumba cha kwanza tulikipenda kwa macho ya kipwani. Kilikuwa na madirisha mawili makubwa, mlango unaoelekea upepo, bati la juu lisilo na dari, na kodi ya shilingi elfu nne tu kwa mwezi. Kwetu Pangani mtu hupanga upepo kabla ya kupanga chumba. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, upitishao hewa toka barazani hadi uani, na anayetaka kuisifu nyumba yake husema jinsi inavyopigwa na kusi. Basi tukaona tumeokota johari kwa bei ya karanga. Hatukujiuliza kwa nini wenyeji walikiacha.

Mwezi wa Juni ulitujibu. Usiku pumzi zetu zilipanda juu, zikakutana na bati la baridi, zikageuka maji. Na kabla ya alfajiri yale maji yakaanza kudondoka juu ya kitanda, mvua ya ndani tuliyoitengeneza wenyewe. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na kitasa cha mlango kiliuma vidole kama kaa la moto. Tukanunua mkaa, tukaziba madirisha kwa magunia, tukaliingiza jiko chumbani. Baada ya wiki mbili tulikuta fedha ya mkaa imeipita kodi ya mwezi. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kuwa katika nchi ya baridi nyumba ina kodi mbili, moja ya mwenye nyumba na moja ya moto, na aulizaye ile ya kwanza tu hajauliza bei.

Kodi ya tatu nusura tuilipe kwa roho yetu. Mkaa uwakao katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aivutaye husinzia, na wako wengi wasioamka. Sisi tuliamshwa na mama mmoja jirani, aliyekuja alfajiri kuomba kaa la kuwashia moto wake. Aligonga, akasikia tukijibu kama mlevi, akausukuma mlango. Alilibeba jiko nje kwa mikono yake, akatuburuta hadi kizingitini, kisha akatukemea: "Bwana Karani, mkaa haulali na mtu!"

Huyo mama ndiye aliyetufundisha kutazama nyumba. Alitwambia tutafute madirisha madogo, ukuta mnene wa tofali za kuchoma, dari ya mbao, mlango uliopewa upepo kisogo, na jiko la kuni lenye njia ya moshi. Tuulize kuni ziko umbali gani na ni za mti gani, kwa kuwa mwati uliokauka hukaa na moto usiku kucha, hali msindano huwaka kwa kelele na kuacha masizi. Sisi wenye kutunga mashairi hupenda kucheza na maneno, na hapo lilitujia lile neno la mikataba yetu, "kodi ya pango". Miaka yote tulikuwa tukilitamka tukiwaza fedha. Siku ile, tukiwa tumejikunja ndani ya blanketi, tuliliona pango lenyewe, lile la wanyama, na hatukuona aibu kulitamani.

"Ile pale ni nzuri," alisema, akatuonyesha nyumba ya vyumba vitatu iliyofungwa kufuli.

"Mbona haina mtu?"

"Ina wenyewe," akajibu, akarudi kwenye kazi zake.

Nyumba zilizofungwa kufuli hazikuwa chache. Wakinga, wenyeji wa milima hiyo, ni watu wa biashara. Zamani walifua chuma na kuuza majembe kwa majirani zao, na leo maduka yao yamejaa Mbeya, Makambako, hata Kariakoo. Kwa hiyo baadhi ya nyumba ziliachwa na waliokwenda kutafuta mali. Lakini nyingine ziliachwa na waliokufa. Makete ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa vibaya na UKIMWI, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwishoni mwa mwaka 2004. Mwaka 2002 zilikuwa bado. Nyumba ile ilijengwa na mfanyabiashara aliyefariki, mkewe akamfuata, na watoto wao watatu walikuwa wakikaa kwa bibi yao, mwendo wa robo saa mlimani.

Tulikwenda kwa bibi huyo jioni. Alikuwepo baba mdogo wa watoto, nao watoto wamekaa mstari mmoja kwenye benchi. Tulitoa shikamoo, tukapewa viazi vya kuchoma. Baba mdogo akasema kodi ni shilingi elfu kumi na tano. Nasi, kama ilivyo desturi ya kwetu, ambako anayelipa bei ya kwanza huonekana mpumbavu, tukaanza kushusha. Tulisema nyumba iko mbali na ofisi. Tulisema dari ina doa la maji. Tulisema mshahara wa karani haufiki laki moja, na hilo lilikuwa kweli. Tukaishusha mpaka elfu nane. Bibi alikuwa akiutazama moto muda wote, mwisho akauliza:

"Utawasha moto kila siku?"

"Kila siku, bibi."

"Basi. Utalipa kila mwezi uishapo. Mtu halipi miezi asiyojua kama ataiishi."

Tulirudi na ufunguo mfukoni, tumeridhika nafsi zetu, na usiku huo huo tulimtungia rafiki yetu wa Pangani shairi la beti sita la kujisifu kwa werevu wa kupatana bei. Shairi hilo tunalo hadi leo. Hatujalichapisha.

Tulihamia Julai, na mwezi wa Agosti mwenzetu wa nyumbani alifika na watoto wetu wawili. Nyumba ilikuwa kama alivyosema yule mama: moto wa kuni ukiwashwa saa kumi na mbili jioni, ukuta uliuweka joto hadi karibu na mapambazuko. Kila mwisho wa mwezi alikuja mkubwa wa wale watoto, msichana wa darasa la sita, na daftari la kodi. Aliandika tarehe, kiasi na jina lake kwa mwandiko mzuri kuliko wa masijala yetu. Lakini hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akatupa jicho moja kwenye msumari uliokuwa ukutani karibu na jiko, akaaga. Mwenzetu, aliye mwepesi kuona kuliko sisi, alituuliza: "Ule msumari ulitundikwa nini?" Hatukujua. Yeye alikwenda kuuliza, akarudi na jibu: koti la baba yao. Tangu siku hiyo hatukutundika kitu pale.

Desemba 2003 baba mdogo alikuja, tukadhani amekuja kuongeza kodi. Alikuja kutuarifu tu kwamba kuanzia mwezi ujao daftari litaletwa na mtoto wa pili. Yule mkubwa amefaulu kwenda sekondari, lakini ada haipo, na amepatikana mtu wa Makambako anayetaka msichana wa kazi za ndani. Siku hizo ada ya sekondari ililipwa. Iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016.

"Na kodi?" tukauliza.

"Kodi ni sabuni, chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya wadogo. Haibaki kitu."

Alipoondoka, mwenzetu alichukua kipande cha karatasi akaandika: kumi na tano kutoa nane ni saba, elfu saba mara miezi kumi na minane. Alipata 126,000, akaisukuma karatasi mbele yetu na kutuachia kalamu. Hakusema neno, naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Asubuhi tulipanda mlima. Tulimwambia bibi kuwa tutalipa elfu kumi na tano, na za nyuma tutazifidia. Alitusikiliza, akatikisa kichwa.

"Ulitaka nane, nikakubali nane. Hukuniibia. Kabla yako walikuja wawili, wote na kumi na tano zao. Mmoja alitaka kuweka mbolea na mbegu za viazi. Wa pili alitaka kuuzia pombe. Nyumba isiyowashwa moto hufa, mwanangu. Moshi ukiikosa, wadudu huingia kwenye mbao, dari huoza, na hawa wakikua watakuta matofali. Nilitaka mtu wa kukaa na mke na watoto na kupika."

Kumbe tulipodhani tunamshinda kwa maneno, yeye alikuwa amekwisha kutupima na kutuchagua. Lakini jambo hilo halikutupunguzia uzito wa ile karatasi. Tukasisitiza. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kumfundisha mtoto: "Kodi tumeshapatana. Kama una kingine, kiite jina lake."

Tukakiita ada. Tuliuza redio yetu ya kaseti na baiskeli, tukaenda shuleni wenyewe kulipa mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata ililipwa kwa vipande, mara nyingine kwa kuchelewa, na mara moja msichana alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa ajili yetu. Hatutaki msomaji adhani kwamba mambo yalinyooka. Lililobadilika ni kwamba alianza kuingia ndani. Jioni alikuja na vitabu vyake, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, chini ya ule msumari, akasoma hadi mafuta ya taa yalipokwisha. Nao watoto wetu, waliozaliwa na joto la Pangani, wakajifunza kwake Kikinga na namna ya kupanga kuni zisizime usiku.

Novemba 2007, naye amekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, tulipata barua nyingine, ya kwenda Morogoro. Tulimkabidhi nyumba yeye, kwa agizo la bibi yake. Alizunguka vyumba vyote vitatu, akatazama dari, akajaribu kufuli, kisha akafungua daftari. Ilikuwa tarehe kumi na tano. Akatukumbusha kwamba nusu ya mwezi ni shilingi elfu nne. Tukampa. Akaandika, akatia sahihi yake, akaliweka daftari juu ya kigoda, akainama kuchochea moto.